Vichupa vya Fundi Cherehani

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na unyevu usioisha, na fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kusalimu amri mbele ya uvundo. Alianika maganda ya malimau dirishani mpaka yakakakamaa, akayatia kwenye chupa tupu za jamu pamoja na karafuu, akafunika kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye magauni ya wateja, akafunga kwa uzi. Nyingine alizitia magadi soda na matone ya mafuta ya mchaichai. Majirani walimtania kwamba siku hizi anapika hewa. Yeye aliendelea kupika.

Aliyezipa chupa hizo kazi ya pili ni mama mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono. Siku moja mama huyo alisimama ukumbini, akanusa, akasema taratibu, "Limau na karafuu, pale ni kitandani kwangu. Mchaichai, pale bafuni." Kuanzia hapo fundi akawa haweki chupa ovyo. Hata penye kidato cha kushukia jikoni aliweka ya kahawa iliyosagwa, ili mama akiinusa aangalie mguu wake.

Basi mama akawa anaizunguka nyumba nzima bila fimbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Fundi alikuwa akiacha kushona ili amtazame tu. Mchana ulipita hivyo, pazia likijaa upepo na kunywea, limau na karafuu zikimkabidhi mama kwa mchaichai, mchaichai ukimkabidhi kwa kahawa. Tangu mume wa fundi afariki walikuwa wamebaki wawili, na fundi alimpenda mama huyo kuliko alivyowahi kumwambia.

Kisha shemeji akapiga simu. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, mtu mwema, lakini mwenye wasiwasi wa watu watatu. Alisema Jumamosi atakuja amwone mama, na kama hajiwezi, atamchukua akakae kwake.

"Nitakuja na begi la kutilia nguo zake, shemeji," alisema. "Usije ukanikasirikia."

Jumamosi fundi alifagia, akapiga deki, halafu akafanya kosa ambalo katika nyumba nyingine yoyote lingeitwa ukarimu. Alizikusanya chupa zote akazipanga sebuleni, ili mgeni apokelewe na harufu nzuri mlangoni. Hofu ilikuwa imemsahaulisha chupa zile zinamtumikia nani.

Shemeji aliingia na begi tupu, akavuta pumzi ndefu. "Hapa pananukia, shemeji." Fundi alifurahi, akamimina chai. Mama akainuka kwenda chumbani kuchukua shali yake.

Alipofika ukumbini alisimama. Akageuza uso huku, akaugeuza kule. Mkono wake ukainuka polepole ukaanza kuutafuta ukuta, na hapo ndipo fundi alipotambua alichokifanya. Alitaka kumkimbilia, shemeji akamzuia.

"Mwache kwanza, nimwone anavyoishi."

Mama aliupita mlango wa chumba chake. Akaenda, akasita, akaenda tena, mpaka chumba kidogo cha mwisho, akapapasa kiti cha cherehani, akaketi na kutulia.

"Umeona mwenyewe," shemeji alisema kwa huzuni. "Mama amepotea ndani ya nyumba yake."

"Mimi ndiye niliyempoteza," fundi alisema huku machozi yanamtoka. Akaeleza yote: kitanda, bafu, kidato. Shemeji alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesimuliwa ndoto.

"Zirudisheni zilipokuwa," mama aliwaambia kutoka kule alikoketi.

Wakazirudisha, shemeji naye akabeba mbili. Wakakaa wakisubiri. Mama akaondoka kitini, akaingia chumbani akajitanda shali, akaelekea jikoni, akashuka kidato kwa madaha, akarudi sebuleni na bakuli la sukari mkononi.

"Chai yenu haina sukari," alisema. "Mnainywa kwa kuoneana haya tu."

Shemeji alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akauliza, "Lakini mama, kule kwenye cherehani hakuna chupa. Ulifikaje?"

"Kule kuna mafuta ya cherehani, na chaki, na huyu mwanangu anayeshinda pale kutwa." Mama alinyoosha mkono, fundi akaushika. "Nyumba nzima ilinihama. Harufu yake peke yake ndiyo iliyobaki mahali pake, nikaifuata."

Jioni shemeji aliondoka na begi lake. Ndani hamkuwa na nguo hata moja. Mlikuwa na chupa tatu zilizofungwa uzi, moja ya mlangoni, moja ya bafuni na moja ya kitandani, azitangulize nyumbani kwake kwa ajili ya siku ambayo mama atataka kwenda kumtembelea na kurudi.