Chale Kabla ya Mrija

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Wako wanaume wa kijijini kwetu Buganguzi watakaokuapia kwamba hawaogopi kitu. Waache waumwe mgongo kama wangu ndipo tuzungumze.

Wangu uliharibika polepole, kwa kubeba mikungu ya ndizi na mizigo ya nyasi za kutandaza kibanjani, hadi asubuhi moja nikashindwa kunyanyuka kitandani. Maumivu yalianzia kiunoni yakateremka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni. Vidonge nilimeza, mazoezi nilifanya, dawa za kuchua nilipakwa. Wapi! Picha ilipopigwa, daktari wa Bukoba akanieleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, na yangu moja imepasuka, kipande kimechomoza na kinakandamiza mshipa wa fahamu. Wiki iliyofuata wangekuja madaktari bingwa wanaokitoa kipande hicho bila kukupasua mgongo. Wanatoboa tundu dogo, wanapitisha mrija mwembamba huku wakiangalia kwenye skrini, na mgonjwa amelala kifudifudi, macho.

“Macho?” nikauliza.

“Ndiyo, mzee. Ganzi ni ya pale pale tu. Tunataka utuambie kama mguu bado unausikia.”

Yaani mguu ukifa, mimi mwenyewe ndiye nitangaze msiba! Nilitaka kuondoka. Lakini akaongeza kwamba nisichelewe, maana mshipa ukibanwa muda mrefu mguu hupooza, na hapo hata kipande kikitolewa huenda mguu usirudi. Nikabaki katikati. Nikikubali mrija, naogopa kupooza. Nikikataa, naogopa kupooza. Chakula kilinishinda siku zile zote.

Mwishowe nilikubali shingo upande, na siku moja kabla ya matibabu nilifikia kwa binti yangu anayekaa mtaa wa Nshambya, hapo hapo Bukoba. Alipokwenda kazini akaingia shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kwetu shangazi hapingwi. Unaweza kubishana naye, lakini utabishana huku unatii. Alikuja na wembe mpya na unga mweusi wa mizizi iliyochomwa, umefungwa kwenye jani la mgomba.

“Vua shati.”

“Shangazi waitu,” nikambembeleza kwa Kihaya, “kesho naingia kwa madaktari.”

“Ndiyo maana nimekuja leo. Watakuingiaje mgongoni hujakingwa? Unajua wote walio nyuma yao?”

Ningeweza kukataa. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mkono wake uliponigusa kiunoni nililegea kama mtoto. Akanichanja chale pale pale panapouma, akasugua ule unga huku akisali Salamu Maria kwa Kihaya. Iliwasha vibaya sana. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza wiki ile, nilikula nikashiba.

Kesho yake nikalazwa juu ya meza ya chumba cha upasuaji, kifudifudi, meno yanagongana na baridi yenyewe haikuwepo. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayasema hapa. Nesi akafungua gauni nyuma. Akamwita daktari. Wote wawili wakaniinamia, na mimi sioni kitu isipokuwa sakafu.

“Mzee, nani amekuchanja?”

Nikasema ni mila zetu tu. Daktari hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema vidonda ni vibichi na viwili vimeanza kuvimba na kutoa majimaji. Mrija ungepita hapo hapo, ukasukuma vijidudu mpaka kwenye uti wa mgongo. “Siwezi kukufanyia hivyo,” akasema.

Mungu anisamehe, nilifurahi! Nilikuwa nimeponyoka. Nikaanza kutafuta shati.

“Kabla hujavaa,” akasema, “vuta vidole vya miguu yote miwili juu.”

Nikavuta. Wa kulia ulitii. Wa kushoto ulilala tu pale, na mimi nauamrisha kwa nguvu zote, jasho linanitoka. Wiki iliyopita ulikuwa unanyanyuka. Daktari akamtazama nesi. Akaniandikia dawa ya vidonda na rufaa ya Mwanza, kwa kuwa wao wenyewe wangeondoka kabla ngozi haijapona. Akasema nikiona mkojo unakataa au unatoka bila kujua, nisingoje hata saa moja. Niliuliza kama mguu utasubiri mpaka chale zikauke. Akasema, “Tuombe hivyo.”

Nje shangazi alisimama haraka kwenye benchi. “Wamekutoboa?”

“Wameahirisha.”

“Ashukuriwe Mungu!” Alipiga makofi mbele za watu. “Dawa imefanya kazi! Wameangalia wakaona hakuna cha kutoa.”

Nikamshika bega tukaelekea getini, yeye anaongea mfululizo jinsi atakavyowasimulia watu wa nyumbani. Mara akanyamaza, akageuka nyuma. Ndala yangu ya kushoto ilikuwa imebaki mbali, katikati ya njia. Nilikuwa nimetembea peku sijui.

Akarudi kuiokota. Akapiga magoti na uzee wake wote, akanifuta vumbi, akanivalisha, kisha akaniminya kidole gumba kwa utani, kama alivyokuwa akinifanya nilipokuwa mdogo.

“Umesikia?” akauliza, ananicheka.

Nilikuwa naviona vidole vyake vinaminya.

“Nimesikia, shangazi,” nikasema.