Kibao Hakikumshika

Katika shule ya sekondari niliyofundisha baiolojia, upande wa Terrat, kulikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kupitishwa kamba ya katani. Mwanafunzi akisikika anaongea Kiswahili ndani ya uzio anavishwa shingoni, na anatembea nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni anasafisha vyoo. Hata shikamoo ilikuwa kosa. Watoto waliolelewa kuamkia wakubwa walikuwa wakinipita getini wameinamisha vichwa, kwa sababu Kiingereza cha kuniamkia kilikuwa bado hakijawakaa mdomoni. Nilikichukia kile kibao tangu siku ya kwanza, na mpaka leo nakichukia.

Binti ninayemkumbuka aliingia kidato cha kwanza akiwa ameongoza darasa la saba shuleni kwao. Familia yake ni Waarusha, wafugaji na wakulima waliohamia Terrat kutoka magharibi ya Mlima Meru. Nyumbani kwao ni Kimaasai, Kiswahili alikikuta shule ya msingi, na sasa tulimkabidhi lugha ya tatu tukamwambia ajifunze sayansi yote kwa hiyo hiyo. Mimi mwenyewe ni Mchaga wa migombani, Kiswahili nilikutana nacho darasani. Sikuhitaji kuelezwa anavyojisikia.

Muhula mzima sikuisikia sauti yake. Alinakili kila nilichoandika ubaoni, mpaka na maneno niliyokosea na kuyafuta. Asubuhi moja mstarini, mkuu wa shule akamwita mbele. Akasema binti huyu hajawahi kuvaa kibao hata siku moja, mwigeni. Kisha, kwa kuwa yeye mkuu kibao hakimhusu, akarudia kwa Kiswahili ili mama wa binti asikie. Mama alikuwa amekuja kuleta mahindi ya chakula cha wanafunzi. Akasimama pale kando ya gunia lake akijifuta macho kwa ncha ya shuka, huku shule nzima ikipiga makofi.

Mimi nilikuwa nikimtazama binti. Kibao hakikumshika kwa sababu alikuwa haongei. Haongei na mtu yeyote, kwa lugha yoyote.

Ndipo nikaanzisha Jumatano. Tulikuwa na chumba tulichokiita maabara, kina sinki lisilo na maji na vioo viwili vilivyovunjika. Baada ya vipindi niliwakusanya humo wanafunzi waliokuwa wakizama kimasomo, binti akiwemo, nikakitundika kibao kwenye msumari nje ya mlango. Nikawaambia humu ndani kwanza tunaelewa, kwa lugha yoyote mtu aliyonayo, halafu Kiingereza chake tutakitafuta pamoja. Haukuwa uvumbuzi wa kuitiwa waandishi wa habari. Ilikuwa akili ya kawaida, ila kwetu akili ya kawaida inahitaji kibali.

Siku tuliyokata kiazi na kukiweka kwenye maji ya chumvi, kikalegea kwa kutokwa na maji yake, binti akamnong'oneza jirani yake kwa Kimaasai. Jirani akacheka. Nikauliza kuna nini. Binti akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Madam, maji yanajuaje pa kwenda?"

Miaka yote niliyofundisha somo lile, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Ni kama ng'ombe. Ukiweka chumvi upande ule, watakwenda upande ule." Darasa zima likaelewa kwa pamoja, nikaona kwenye nyuso zao. Jina la Kiingereza, osmosis, tukalitia mwishoni, nao wakalishika bila kukariri. Nilirudi nyumbani Moshono nikiimba njiani, mtu mzima mimi, na sauti yenyewe sina.

Alianza kuongea. Alibisha, alitania, alinirekebishia mchoro wangu wa figo. Kwenye majaribio yangu ya darasani alama zikapanda, na kwa Kiingereza, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kusema. Mama yake akaniletea kibuyu cha maziwa mgando. "Mwalimu, umemfanya nini mtoto? Siku hizi anatufundisha mpaka ng'ombe."

Halafu kikaitishwa kikao cha wazazi. Habari za Jumatano zilikuwa zimevuja. Akasimama baba mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mchaga mwenzangu, akasema Kiswahili hata kuku wake wanakijua, yeye mtoto kamleta asome Kizungu. Ukumbi ukacheka. Nilieleza kuhusu kiazi, nikaeleza kuhusu ng'ombe, nikaona naongea na ukuta. Mkuu akaomba wanaotaka Jumatano zifutwe wanyooshe mikono.

Mkono wa mama yule ulikuwa miongoni mwa iliyotangulia kupanda.

Alinifuata nje, akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, usinichukie. Mimi nikienda hospitali, nikienda benki, watu wakubwa wanaongea Kizungu juu ya kichwa changu kama mimi ni mbuzi. Huyu sitaki wamwongelee hivyo." Nilitaka kukasirika na sikuweza. Alichokitaka yeye ndicho nilichokitaka mimi, na njia tuliyoijua wawili tu, mimi na binti yake, ilikuwa imefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Nililia kwenye kile chumba cha maabara nikiondoa viazi.

Binti akarudi kwenye ukimya wake. Alikuwa msafi, mtiifu, ananakili. Mtihani wa kidato cha pili akafeli. Akarudia mwaka, akafeli tena, na sheria ni kwamba ukifeli mara ya pili huna pa kurudi. Siku ya mwisho alikuja kurudisha kitabu changu cha baiolojia, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Nilimwita kwa Kiswahili, nikamwambia aseme chochote. Aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akatoka.

Mwaka jana nilikutana naye na mama yake barabarani wakishusha mbuzi wa mnada. Binti amekuwa mrefu. Alinipa shikamoo kwa sauti ndogo sana, nikaitikia marahaba, akageuka kwenda kushika kamba za mbuzi. Mama akabaki nami. Tuliulizana habari za nyumbani, mvua, mifugo. Kisha akasogea karibu, kama mtu anayetafuta walau kitu kimoja cha kubaki nacho.

"Lakini mwalimu, si unakumbuka? Kile kibao hakikumshika hata siku moja."

"Nakumbuka, mama," nikamwambia. "Hata siku moja."