Spa ya Mke wa Mkandaji

Shemeji yangu ni mkandaji, na kwa miaka mingi nilimcheka kwa hilo. Mwanaume mzima, mabega mapana kama mlango, kazi yake kupaka watu mafuta! Nikimtania hivyo anasema, "Shemeji, wewe unawavika watu nguo, mimi nawavua. Sote mafundi." Dada yangu, mkewe, anamrushia kitambaa cha jikoni. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwenye spa ya hoteli moja kubwa, na nisiwe mchoyo wa maneno, kazi anaijua. Kuna wageni wanaomsubiri yeye hata kama wenzake wamekaa bure.

Alichokijua kuliko wote ni kumchagulia mtu. Maana spa siku hizi ziko za kila namna: za maji moto, za mvuke, za matope, za kukandwa. Mgeni anafika hajui anataka nini, anataka tu kupumzika. Shemeji anamuuliza swali moja: "Umechoka mwili, umechoka watu, au kuna mahali panauma?" Aliyechoka mwili anampeleka kwenye mvuke. Aliyechoka watu anamtuma kwenye maji, akaelee peke yake bila kusemeshwa. Mwenye mahali panapouma, huyo alale kitandani akandwe, kwa sababu panapouma lazima paguswe na mkono wa mtu anayejua. Nimemsikia akilirudia hilo mpaka nikalikariri.

Nyumbani sasa. Akirudi vidole vimevimba, anajitupa kwenye kochi, anatumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi. Anayemletea beseni ni dada yangu, mwalimu wa chekechea, ambaye naye kutwa amebeba watoto wa watu. Hata kifuniko cha soda anamfungulia. "Mwache, mikono imefanya kazi," ananiambia nikianza maneno yangu. Basi nanyamaza, ingawa kunyamaza si fani yangu.

Mwaka juzi shule ilipokaribia kufunga, dada akapata siku nne za kwake mwenyewe. Tangu aolewe hakuwa amekwenda popote kupumzika. Akaja na karatasi tatu za matangazo, akazitandaza mezani mbele ya mumewe. Nilikuwepo, nampima gauni la mahafali ya wanafunzi wake.

"Haya, bingwa, nichagulie," akasema. "Mgongo unaniuma hapa, chini ya bega. Niende hii ya maji, ya mvuke, au hii ya kukandwa?"

Nilijua atasema kukandwa. Hata mtoto mdogo angesema kukandwa. Shemeji akazipitia karatasi moja moja, akazirudia tena, kama mtu anayetafuta kosa.

"Nenda kwenye maji," akasema. "Wewe umechoka watu. Watoto thelathini, nani asingechoka?"

"Si kakwambia panauma?" nikadakia.

"Shemeji, pima gauni."

Dada akacheka, akaikunja ile karatasi ya maji, akaitia mkobani. Mambo yakaisha hivyo.

Na mimi sijitakasi. Siku hiyohiyo niliona bega lake la kushoto limeinuka kuliko la kulia. Nikafanya tunavyofanya mafundi cherehani: nikaweka pedi upande wa kulia, mabega yakalingana, gauni likakaa vizuri, tukasifiana. Mungu anisamehe. Nilimshika kwa mikono yangu hii na sikujiuliza kitu.

Siku nne zile alizifurahia, siwezi kukataa. Alirudi ngozi inang'aa, anasimulia alivyoelea asubuhi nzima, maji yamemjaa masikioni, na hakuna aliyemwita mwalimu. Lakini mgongo uliendelea kuuma. Akameza vidonge, akapaka dawa ya kuchua, akaendelea kubeba watoto. Miezi saba baadaye akashindwa kuinua mkono kuandika ubaoni, ndipo akaenda hospitali. Daktari alimpapasa chini ya bega, hata dakika haikuisha.

"Huu uvimbe una muda," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuushika?"

Hakuna. Mke wa mkandaji, dada wa fundi nguo, na hakuna aliyeushika.

Walimpasua, wakamchoma mionzi, lakini ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Dada yangu alikufa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Nililia mpaka sauti ikakauka, na mpaka leo nalia. Nikishika kitambaa cha rangi aliyoipenda, mkasi naweka chini.

Siku chache baada ya mazishi nilimkuta shemeji jikoni, anaosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Nikamtolea lile lililokuwa moyoni. "Kwa nini ulimpeleka kwenye maji? Wewe, unayejua?"

Hakujitetea. Akaniambia kuwa wakandaji wote wanajuana, wa spa hii na ile, na wanasimuliana. Na mkandaji akiweka mikono kwenye mgongo wa mtu, anajua hapohapo kama una mtu wa kuutunza.

"Wangejua ni mke wangu," akasema. "Wangekuta mgongo umekakamaa vile, haujaguswa miaka na miaka. Wangenicheka, shemeji. Niliona aibu." Akateleza chini ukutani, akakaa sakafuni na povu la sabuni mikononi. "Nimemuua kwa aibu yangu."

Mwenye huruma angenyamaza. Tena dada mwenyewe alinikataza kusema, aliponieleza pale hospitalini. Lakini nilikuwa nawaka hasira, na mdomo wangu ndio huu.

"Hakuwa na haja na spa yoyote," nikamwambia. "Zile karatasi alizitafuta wiki nzima akuletee wewe uzione. Alidhani utasema, 'Ya nini yote hiyo? Lala hapo nikukande.' Alikuonea huruma kukuomba. Alisema mikono yako imechoka."

Nilitaka alie. Wallahi nilitaka nimwone analia. Hakulia. Akaigeuza mikono yake yenye povu, akaitazama.

"Ningemkanda," akasema. "Angeniambia tu, hata vidole vingekatika, ningemkanda."

"Najua," nikamjibu.

Na nilikuwa najua kweli. Angemkanda palepale kwenye kochi, angeukuta ule uvimbe ungali mdogo, na dada yangu leo angekuwa darasani na watoto wake.