Fonia ya Tonton Amisi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, mwalimu wetu hapa Kindu alituuliza kila mmoja atakuwa nani akikua. Darasa lilijaa wakubwa mara moja. Huyu rubani, huyu daktari, yule gavana. Feza, rafiki yangu wa dawati moja, alisema ataendesha treni, ingawa majani yalikuwa yameshafunika reli na mbuzi walikuwa wakilala katikati yake. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema nitakuwa mtu wa fonia. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka, nikakaa chini nimekasirika. Sikuona cha kuchekesha. Mpaka leo sikioni.

Wasioijua fonia niwaeleze. Kabla ya simu za mkononi kufika kwetu, ukitaka kusema na ndugu aliye Kalima au Bukavu ulikwenda kwenye kibanda chenye redio ya mawimbi. Chetu kilikuwa cha Tonton Amisi, yaani mjomba Amisi kama tulivyomwita wote, karibu na soko: chumba cha matofali ya udongo, betri ya lori chini ya meza, waya umepanda mpaka juu ya mchikichi. Ulikaa kwenye benchi pamoja na wengine ukisubiri zamu yako, na kila alichosema mtu kilisikiwa na benchi zima, na huko alikokuwa mwenzake kulikuwa na benchi jingine linalosikia vilevile. Siri haikuwapo. Tonton Amisi alishika kile kidude cha kusemea, akabonyeza, akaita, "Kalima, Kalima, Kindu anaita!" Ukimaliza kusema ulitamka "avu," maana yake zamu ni ya mwenzako sasa, ukaachia kitufe, ukangoja. Nilimpenda mtu yule kwa namna alivyotega sikio, amefumba jicho moja, akivua sauti ya mtu katikati ya zile kelele za hewa.

Nyumbani niliposema ndoto yangu, bibi yangu hakucheka. Tulimwita Koko, na ndiye aliyemzaa baba.

"Kazi ya kuitikia vitu haionekane uso?" alisema, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiye" huwa "njo". "Zaina, hiyo kazi haiko ya muntu. Yule Amisi, unajua njo nani anaita mule ndani?"

Koko alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote: sauti isiyo na uso haiitikiwi. Ukiitwa na mtu usiyemwona, iwe kutoka msituni au ng'ambo ya mto, unakaa kimya. Mulozi, mchawi kwa Kiswahili cha vitabuni, huita kwa sauti ya unayempenda; ukiitikia, umempa pumzi yako. Mdogo wake Koko aliitikia sauti pale mtoni akiwa msichana, na hakufikia kuolewa. Koko aliisimulia habari hiyo bila chozi, na kwa hiyo tuliiamini zaidi.

Basi watu wanaopendana wataitanaje? Hapo ndipo lilipoingia jina la nyumba. Katika ukoo wetu, mtoto akishazaliwa, baba humwadhinia sikioni kama Waislamu wote wafanyavyo. Baba akimaliza, Koko alimchukua mtoto, akaweka mdomo sikioni na kumnong'oneza jina jingine. Jina hilo walilijua wa ndani ya nyumba tu, na halikutamkwa mbele ya mgeni hata siku moja. Sauti isiyo na uso ikikutajia jina hilo, ndipo uitikie. Mwalimu wa msikiti alikuwa akikunja uso akisikia habari hii, naye Koko alimkunjia wake. Mimi ninalo jina langu. Sitaliandika hapa, na msomaji asinichukulie vibaya.

Vita vilipoingia, baba yangu Ramazani alikuwa mahali paitwapo Kama, akichimba dhahabu. Njia zikafungwa. Mji ukabaki peke yake kati ya mto na msitu, chumvi ikawa kitu cha kulambishwa, na sisi watoto tukajifunza kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Muuza mihogo alikuwa jasusi wa hawa, fundi baiskeli jasusi wa wale. Mwenye fonia ndiye aliyeshukiwa na pande zote, kwa kuwa alisema na kila mahali. Askari wakamwekea Tonton Amisi mwenzao mlangoni, bunduki magotini, asikilize kila neno. Akaamuru watu waseme Kiswahili tu, maana lugha nyingine hakuzielewa. Mtu ulisema na mama yako huku ukimtazama askari.

Asubuhi moja akaja mjumbe kutoka kwa Tonton Amisi.

"Mama Zaina, munaitwa kwa fonia! Iko muntu anasema njo Ramazani!"

Mama aliacha sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu bila kufunika. Tulikwenda watatu, mama akikimbia, Koko nyuma yake akinung'unika, mimi katikati nimeshika kanga ya mmoja na mkono wa mwingine. Nilikuwa na furaha mbili, ya baba na ya kukiona kile chombo kwa karibu, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Tukakaa mbele ya meza. Kelele za hewa zikapanda, zikashuka, kisha ikatoka sauti, nyembamba, inatoka mbali sana.

"Mama, njo mimi Ramazani. Muko wazima? Avu."

Mama alijishika kifua.

"Mama, mujibu," Tonton Amisi akamwambia Koko. "Bateri iko nachoka."

"Kama njo yeye, ataje jina langu la nyumba," Koko akasema. Wala hakukisogelea kile kidude. "Umwambie weye. Mimi siitikie."

Tonton Amisi alishusha pumzi, akabonyeza. "Ramazani, mama yako anaomba utaje jina lake, ile ya nyumba. Avu."

Kelele. Kelele tena, ndefu. Halafu sauti ikauliza, na safari hii ilikuwa nzito kidogo: "Weye njo nani unaniuliza hiyo? Mama mwenyewe ataje yangu mbele. Avu."

Koko akageuka kumtazama mama, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama ushindi. "Umesikia? Anatafuta jina."

"Njo yeye," mama akasema. "Mama, njo yeye! Namujua namna anavuta pumzi mbele ya kusema."

Akanyoosha mkono kuchukua kile kidude. Koko akamkamata kifundo cha mkono. Sikuwahi kuwaona wakishikana hivyo. Benchi zima likatazama chini, kwa adabu, na masikio yao yote yakabaki juu.

Sauti haikungoja. "Mama Zaina, chukua watoto. Muvuke mto, mushike njia ya Kalima. Iko muntu atawapokea. Avu."

Askari mlangoni akainua kichwa. Na nikiri kwamba hapo hata mimi, niliyekuwa nikitamani kuruka mezani kuitikia, nilisogea upande wa Koko. Kwa nini njia ile? Huyo mtu wa kutupokea ana jina gani? Siku zile kama ungetaka kumtoa mwanamke na watoto mjini uwakamate porini, ungesema maneno gani mengine zaidi ya hayo? Tonton Amisi aliona askari anavyotutazama, akashusha sauti.

"Mama, tuseme nini?"

"Hakuna kitu," Koko akasema, akasimama. "Twende."

Mama alikuwa analia bila sauti. Nyuma yetu ile sauti iliendelea kutoka kwenye chombo, "Munanisikia? Munanisikia?" mpaka Tonton Amisi akaomba radhi na kuita mtu wa zamu iliyofuata.

Hatukwenda. Wengine walikwenda kwa njia ile msimu uleule. Baadhi walirudi hawana hata kanga, baadhi hawakuonekana tena, na baadhi walifika Kalima salama wakatuma salamu kwa fonia ileile. Koko aliwahesabu waliopotea, mama akawahesabu waliofika, na waliishi nyumba moja wakipika kwenye mafiga tofauti. Mimi nikaacha kusema nitakuwa nani. Feza akiniuliza, nilimjibu nitakuwa mke wa mtu, naye akanitazama kama niliyeumwa.

Miaka ikapita hivyo. Askari wakaondoka, wengine wakaja, nao wakaondoka. Siku ambayo filimbi ya treni ilisikika tena mjini tulikimbia wote kwenda kuishangaa, na Feza alilia hadharani. Haukupita muda mrefu tangu hapo, mchana wa jua kali, mwanamume mwembamba mwenye ndevu akasimama uani kwetu, ameshika mkono wa mtoto wa kike.

Nilimjua. Mama alimjua pia, kutoka jikoni, maana nilisikia mwiko ukianguka. Lakini Koko alisimama mlangoni, akaweka mikono yake huku na huku kwenye fremu.

"Uso ninauona," alisema. "Sasa jina."

Yule mwanamume aliinama, akaweka mdomo sikioni pa Koko, kama Koko alivyofanya kwa kila mtoto wa nyumba ile. Sisi hatukusikia. Tulimwona tu Koko akikaa chini pale mlangoni, akamshika mwanawe miguu yote miwili.

"Kwa fonia ulinyamazia nini?" akamuuliza. "Ulinyamazia nini, mwanangu?"

"Mama, ningelitaja namna gani?" baba akasema. "Watu wote walikuwa wanasikia. Askari walikuwa wanasikia. Si weye mwenyewe ulinikataza? Nikaomba yangu kuwapima tu, nikaita tena na tena, hakuna aliyeitikia. Nikasema, mama yangu hawezi kuniomba jina mbele ya watu, hata wamukate. Basi wale hawako watu wangu. Watu wangu wamekwisha."

Koko akapangusa vumbi la miguu ile kwa kanga yake. Alikuwa amemlea vizuri mno, nadhani hilo ndilo alilotaka kusema.

Mama alitoka jikoni akasimama mbali kidogo. Alimtazama baba, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa na paji la uso la baba na miguu iliyovimba kwa safari. Hakuna aliyehitaji kueleza. Mtu aliyeamini watu wake wamekwisha alikuwa ameoa huko Kama, na mwanamke huyo, tulikuja kuambiwa, alikuwa amefariki. Mama akamgeukia Koko.

"Nilikuambia njo yeye," akasema.

Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, wala hakuhitaji. Alimchukua yule mtoto kwa mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kumwogesha. Anaitwa Sifa. Ni mdogo wangu, na mwenye kusema ni wa mama mwingine aje aniambie mimi. Koko alimnong'oneza jina lake la nyumba jioni hiyohiyo, ingawa alikuwa ameshaota meno. Baba na mama waliishi pamoja tena mpaka uzee, kwa heshima. Mama alimpikia kila siku, lakini sikumwona tena akicheka na mumewe kama alivyokuwa akicheka naye zamani, na hilo sijui nimdai nani.

Nimejaribu kumlaumu Koko, na nikifika kwenye ile njia ya Kalima nakwama. Huenda tungefika. Huenda tungekutana na wale waliowavua watu kanga. Aliyeziba njia ile kwa mkono wake alitunyima baba, au alitupa uhai, au vyote viwili kwa pamoja, naye amekufa bila kujua, na mimi nitakufa vivyo hivyo. Nimekuwa mtu wa kushuku. Simu ikiniita kwa namba nisiyoijua naiweka sikioni nikinyamaza, mpaka mwenyewe aseme. Wanangu wananicheka.

Na kazi niliipata. Nipo katika chumba cha redio cha shirika moja hapa mjini, nafuatilia malori yanayopeleka dawa vijijini. Fonia kabisa, ila ina kiti kizuri na feni. Siku ya kwanza mkuu wetu alitufundisha, kama jambo jipya, kwamba kila gari lina jina lake la siri, na kwamba sauti isiyotaja jina hilo haijibiwi, kwa kuwa redio huibwa na watu wabaya hupenda kujua malori yako wapi. Niliinamisha kichwa asinione nikicheka. Koko wangu alikuwa ameshanipa kazi ile kabla sijaota meno.

Nimeitii sheria hiyo miaka yote, isipokuwa alasiri moja ya masika. Sauti iliingia, nyembamba, kelele zimeizunguka. Haikutaja jina la siri. Ilisema daraja limechukuliwa na maji, ikataja njia ya Kalima, ikauliza: "Munanisikia?" Mwenzangu aliyekuwa kwenye meza ya pili akatikisa kichwa, tunyamaze. Baadaye ilijulikana kuwa ni dereva mgeni ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa jina la gari. Wakati ule sikujua. Wakati ule nilishuku kila neno, kama nilivyolelewa, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wangu wa kulia, sijui tangu lini. Nikauachia. Nikabonyeza.

"Nakusikia," nikasema. "Bado sijakujua, lakini nakusikia. Endelea kusema. Avu."