Programu Iliyorudi na Shukrani

Sisi wachache tunaosomea miundo ya kompyuta hapa Arusha tuna mazoea ya kuazimana programu. Siyo programu yoyote tu, bali zile ambazo kazi yake moja hugawiwa prosesa nyingi, yaani bongo za kompyuta, zikaifanya kwa pamoja. Kila mtu akipima kompyuta aliyoibuni kwa programu ile ile, majibu yetu yanalinganishika. Yangu ilikokotoa mwendo wa maji katika ziwa moja la Momela, na niliipendea ubaya wake: prosesa zilipanga foleni kuandika jumla mahali pamoja, zikapoteza muda. Sura nzima ya tasnifu yangu ilihusu foleni hiyo.

Wiki chache kabla ya kuitetea, msimamizi wangu aliniita kwake Njiro. Wenzangu walikuwa wameichukua programu yangu kwenye hifadhi yetu ya pamoja ya programu mtandaoni, wakaiendesha, na hawakuona foleni yoyote. Akanishauri kwa upole niiondoe ile sura. Upole wenyewe uliniuma kuliko kufokewa. Mtu aniite mvivu, sawa, lakini mtunga namba?

Nilirudi nyumbani Maji ya Chai na hasira zangu, nikaipitia ile programu ya kwenye hifadhi mstari kwa mstari. Foleni ilikuwa imefumuliwa. Sasa kila prosesa ilitunza jumla yake, zikajumlishwa mwishoni. Kazi safi kabisa, na niliitambua mikono iliyoifanya: ya mwenzetu mmoja wa Machame, niliyekuwa nimemwazima, naye akairudisha hapo badala ya ile ya awali.

Nilimpigia simu. Hakukana, alikuwa akingoja nimshukuru. Kwao, kama kwetu Umeruni, jirani akikuletea bakuli la ndizi, hulirudishi tupu.

"Dada, ulinipa bure," alisema. "Ningeirudishaje hivi hivi?"

"Kaka yangu, umeutibu ugonjwa niliokuwa nauchunguza."

Akaomba radhi mpaka nikamhurumia. Kesho yake tulikwenda wote Njiro. Alimwamkia msimamizi shikamoo, akaeleza mwenyewe alichokifanya, bila kujitetea. Msimamizi akachukua nakala yangu ya awali, akaiendesha kwenye mashine yake, nasi tukakodolea macho kioo. Prosesa moja ikaandika. Nyingine zote zikakaa zinasubiri zamu. Machozi yalinitoka mbele yao. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mashine ikipoteza muda.