Jiko Lililotazama Ziwa

Shida yangu ni kwamba najua vitu na sisemi. Mwalimu akiuliza swali darasani, jibu linanijia mpaka kwenye meno, linakaa hapo, na mwingine anainua mkono analitoa yeye. Shuleni hiyo haimuumizi mtu. Lakini likizo ile nilikaa na jibu mdomoni nikitazama ukuta ukipanda nyuma ya nyumba yetu, na ambaye angeumia alikuwa mama.

Mama anakaanga samaki. Watu wakitoka kazini mjini wanapita langoni kwetu jioni na kununua mbuta na ngege wa moto, wamefungwa kwenye gazeti. Ziwa liko chini tu ya shamba letu la migomba. Jiko lake lilikuwa mabati machakavu juu ya miti minne, na chini mafiga matatu yaliyokuwa meusi kuliko sufuria. Miaka yote hiyo moshi ulikuwa unaingia kifuani mwake, na mwaka huu kifua kikaanza kujibu. Akipumua ulisikia filimbi. Daktari alimwambia, "Dawa nitakupa, lakini moshi ukiendelea hivi, sitakuwa na dawa ya kukupa tena." Mama alituambia maneno hayo akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na hakuna aliyecheka naye.

Basi baba akampeleka Bondo kwa shangazi akapumzike. Shangazi ana jiko la nje la matofali, lina chimni. Mama akapiga simu siku ya pili tu. "Hapa hata macho hayalii," akasema. Baba alisikia hilo neno moja na hakulisahau. Jumapili akaenda Bondo kumwona, akarudi na picha za jiko kwenye simu: mbele, nyuma, kando, hata moja ya ndani ambayo haikuonyesha kitu ila giza.

"Tutamjengea kama hili hili," akaniambia. "Na wewe usimwambie. Akirudi alikute."

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilikosa raha kabisa, na sitaki ionekane kama sikulitaka lile jiko.

Fundi alitoka Nyalenda, ingawa kwao hasa ni Vihiga, na alipenda kutukumbusha kwamba huko kwao mvua haiombwi. Joto la kwetu alilichukia. Alifika alfajiri, akaloweka matofali kwenye pipa kwa sababu tofali kavu, alisema, linakunywa maji ya saruji kama mlevi, na jua likipanda utosini alifunika kazi yake kwa magunia yaliyolowa na kwenda zake. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuunyunyizia ukuta kila jioni usipasuke.

Siku ya kwanza, kabla hajapanga tofali, alichota jivu la mama na kuliachia hewani. Jivu likaelekea ziwani. Akatazama picha kwenye simu ya baba, akatazama jivu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mdomo wa jiko utakaa huku upande wa nyumba," akasema. "Moshi na uende kwa samaki."

"Vizuri," baba akasema. "Na mama atakuwa amesimama akitazama ziwa. Kama wale wa hoteli."

Aliposema hivyo alitazama chini, kama mtu aliyeshikwa na zawadi mfukoni. Halafu akaenda soko la Kibuye kufungua mitumba yake.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na ndoo. Jioni hiyo, nilipokuwa nanyunyiza maji, upepo ukatoka ziwani kama kila jioni, ukanipiga kifuani na kuyarusha matone usoni kwangu. Ndipo nikaelewa, na tangu hapo sikutulia.

Kwetu hapa upepo una zamu mbili. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda majini, mwepesi. Mchana ukishazidi unageuka, unakuja kutoka ziwani na nguvu zake, na gugu maji lililokuwa limelala mbali linasukumwa mpaka ufukoni. Mama hakuwahi kulisema jambo hilo. Alilifanya tu. Uji wa asubuhi alipikia upande mmoja, na kabla ya samaki wa jioni aliyazungusha mafiga, akaja kukaa upande wa pili, ziwa mgongoni. Baba hakuwahi kuliona kwa sababu baba hakai jikoni. Alilelewa hivyo, mwanamume hachuchumai penye moto wa mwanamke, na mpaka leo chakula anakingojea sebuleni. Na fundi ukifika mchana alikuwa ameshapanda boda.

Mafiga yanahama. Matofali yakishashikana na saruji hayaendi popote. Na fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa nyuma ya jiko, upande wa ziwa. Upepo wa jioni ungeingia pale na kuusukuma moto na moshi wote nje kupitia mdomoni, usoni mwa mama, kila siku, kwenye jiko la kumponya.

Nilijaribu kusema. Baba alikuwa anakula, nikasema, "Baba, ule upepo..." Akasema, "Funga hilo dirisha," na akaendelea kula. Nikafunga dirisha. Siku nyingine nilisimama nyuma ya fundi mpaka akageuka. "Msichana, unataka kupita?" Nikapita. Sikuwa na mahali pa kwenda, nikazunguka nyumba yote nikarudi upande wa pili. Mama alipiga simu jioni, nikasikiliza jinsi anavyopumua katikati ya maneno. Filimbi ilikuwa imepungua. Akauliza, "Mbona unahema? Unakimbia wapi?" Nikamwambia sikimbii. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, sikujua hata nilianza saa gani. Sufuria safi nilikuwa naziosha tena. Shangazi alituma ujumbe kwamba Jumamosi mama anarudi.

Ijumaa baba hakwenda sokoni. Ilikuwa siku ya slabu, ile saruji ya juu ambayo ndiyo inafunga jiko kabisa. Nondo zilikuwa tayari, kokoto tayari. Fundi akaweka bati juu ya jiko kwa muda.

"Msichana atupikie hapo hapo," akasema. "Tupate kulijaribu. Tukishakula tunamwaga slabu."

"Si tumwage sasa, kabla jua halijakaa vibaya?" baba akauliza.

"Mzee, slabu haimwagwi na njaa. Ukianza hakuna kusimama. Mtu akilegea katikati, inashika vipande vipande. Kwanza tumbo."

Baba hakubisha. Hakuna anayebishana na fundi juu ya chakula cha siku ya slabu. Alinielekeza kwa kidevu: kulikuwa na omena na sukuma wiki, chakula cha haraka. Nikaingia ndani. Nikaiona omena. Na pembeni yake nikaona maharagwe makavu, ambayo hayakuwa yamelowekwa.

Sijui nani aliunyoosha mkono wangu. Nilichukua maharagwe.

Jiko lilifanya kazi vizuri mno. Moshi ulipanda chimni, ukalala juu ya maji, na baba akasimama akiutazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma mbele ya kanisa. Nilivuta kuni nje wakati hawaangalii. Nikaongeza maji baridi. Moto ukitaka kupata nguvu, nikauvunja. Na muda wote nilikuwa natazama gugu maji, na lilikuwa limelala mbali kabisa, kijani, halisogei.

"Leo ni nini?" fundi akauliza.

"Maharagwe."

"Siku ya slabu?" Akamgeukia baba. "Mzee, hapa kwako ziwa liko hapo chini, na mimi nakula maharagwe."

Baadaye akaja kufunua sufuria. "Hii maharagwe inatoka Busia kwa miguu. Bado haijafika hata Siaya."

Baba aliniita pembeni. "Nyathina, mtoto wangu, una shida gani leo?"

Hapo ndipo ningesema. Nikaokota kipande cha kuni. Nikasema, "Kuni ni mbichi." Hazikuwa mbichi, na baba alikuwa amezipasua mwenyewe. Akanitazama kidogo, akarudi kwa fundi.

Jua likapanda. Fundi alikuwa anazunguka mchanga wake kama kuku anayetaka kutaga, anaugusa, unamchoma, anauacha. Akachukua sepetu. "Mzee, mimi naanza kuchanganya. Nitakula baadaye, njaa yenyewe imeshanizoea." Akafungua mfuko wa saruji.

Nikasonga ugali kwa haraka kuliko nilivyowahi kusonga, nikaupindua kwenye sinia, nikamwekea mbele yake. Maharagwe yalikuwa bado yanagonga meno. Lakini chakula kikishawekwa mbele ya mtu hawezi kukiacha na kuchukua sepetu. Akanawa. Akakaa juu ya rundo la matofali, mbele kabisa ya mdomo wa jiko. Baba akavuta kiti. Nikaweka maji ya ugali wa pili motoni, na safari hii nikasukuma kuni zote ndani.

Walikula. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa natazama migomba, majani yananing'inia tu kama nguo zilizosahauliwa. Fundi alikuwa anamalizia kukwangua sahani. Akalamba kidole. Akashukuru, "Haya, ero kamano," kwa Kijaluo chake cha Nyalenda, na akashika magoti kuinuka.

Jani moja la mgomba likageuka, likaonyesha tumbo.

Halafu yote. Nililisikia bati likinguruma kabla sijauhisi upepo. Moto ukatoka mdomoni mwa jiko kama ulimi, na nyuma yake moshi, mzito, na jivu, moja kwa moja kwenye sahani na uso wa fundi. Akaruka. Akahamia kushoto, moshi ukamfuata. Akahamia kulia.

"Ni nini hii? Hii upepo imetoka wapi?"

"Ziwani," nikasema. Ilitoka kama sauti ya mtu mwingine.

Baba hakuondoka. Aliinuka akaenda kusimama pale mdomoni, pale ambapo mtu wa kukaanga angesimama, akitazama ziwa. Alikaa hapo ndani ya moshi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yalikuwa yanamwagika. Alipoanza kukohoa ndipo akatoka.

"Mama yako huwa anakaa wapi jioni?" akaniuliza, bila kunitazama.

Nikazunguka jiko, nikasimama upande wa pili, ziwa mgongoni. "Asubuhi huko mlipo. Jioni hapa. Anayahamisha mafiga kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akarudia neno hilo polepole. Fundi alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

"Na wewe ulijua hii lini?" akaniuliza.

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza." Akamtazama baba. "Mzee, umezaa. Huyu hakuona mdomo wa kusema, akaona aninyime chakula."

Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikuwa ameyashika mafiga ya mama, yaliyowekwa kando, kama mtu anayepima uzito wake, halafu akayaacha. "Inabomoka?" akauliza.

"Saruji ya chini imeshika. Ya juu bado inakubali nyundo. Tunageuza mdomo, tunaziba haya matundu. Chimni tunailetea huku." Fundi akavuta pumzi. "Slabu nitamwaga kesho alfajiri. Lakini kesho nataka samaki."

Walibomoa mchana huo wenyewe, kwenye jua ambalo fundi alikuwa amelikimbia wiki nzima. Nililowesha matofali, nikayakwangua saruji, nikawapa. Hakuna aliyeniambia asante na hakuna aliyenigombeza. Baba alinipokonya ndoo mara moja na kwenda kuteka maji mwenyewe. Mimi nikabaki nimesimama na mikono mitupu, na bado nilikuwa nataka kutembea.

Mama alirudi Jumamosi na slabu ikiwa chini ya magunia. Akalizunguka jiko. Akagusa chimni, akagusa mdomo, akasimama upande wake wa jioni, ziwa mgongoni.

"Nani aliwaambia nasimama huku?"

"Tuliona tu," baba akasema.

Mama akanitazama. Nikaenda kutafuta chumvi, ingawa chumvi ilikuwa hapo hapo.

Ilibidi tungoje slabu ikomae kabla ya kuwasha. Mama alipokaanga mara ya kwanza, upepo uliingia mdomoni na kuulisha moto, na moshi ukatoka juu ukaenda zake kwenye ua wa jirani. Jirani akapaza sauti kwamba shuka zake zitanuka mbuta mpaka Krismasi. Mama akamjibu kwamba basi alale na njaa, harufu imetosha. Baba alikuwa ametoa kiti sebuleni akakileta nje. Hakukisogeza karibu sana na moto, lakini alikileta.

Kisha mama akakohoa.

Ilikuwa mara moja tu. Baba aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Sote wawili tukatazama juu, kwenye chimni, kisha kwenye mdomo wa jiko, tukitafuta moshi uliotoroka, na hatukuona.

"Ni pilipili," mama akasema, akigeuza samaki. "Kaeni chini, mnanitisha."

Baba akakaa. Labda ilikuwa pilipili kweli. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kuunyunyizia ukuta maji, ingawa fundi alikuwa ameshaniambia hauhitaji tena.