Mchango wa Mguu

Pikipiki yangu ya mashindano ilijaa stika za kampuni zisizonijua. Kulikuwa na ya mafuta ya injini, ya tairi, na ya kinywaji fulani cha kuongeza nguvu ambacho kikipita kooni mwangu huniachia kiungulia. Zote nilizinunua mwenyewe kwa fundi wa mabango pale Nyeri mjini, nikazibandika kwa uangalifu, maana mwendeshaji asiye na stika huonekana kama mtu aliyekuwa akienda sokoni akapotea njia. Watu wakiniuliza nani ananidhamini, nilijibu, "Wako kadhaa." Hao kadhaa walikuwa ni mimi.

Niliendesha motokrosi, zile mbio za pikipiki za kuruka matuta ya udongo, katika daraja la juu kabisa la nchi hii. Leseni yangu iliniita mwendeshaji wa kulipwa. Sijui aliyechagua maneno hayo alikuwa akimcheka nani. Wachache walikuwa na timu, wakaja na mahema, mafundi na pikipiki ya akiba. Sisi wa kujitegemea tulikuja na pikapu ya kuazima ambayo jana yake ilibeba viazi, tukalala humo humo, na kabla ya kurudi nyumbani tukazunguka kwenye mahema ya wenye nacho kuomba tairi walizotumia mara moja. Kuomba tairi kuna namna yake. Humwendei mwenye pikipiki, unamwendea fundi wake. Unasifia mashine, unapiga domo kidogo, kisha unauliza kama mtu aliyekumbuka tu, "Na hizi mtazitupa?" Katika hilo nilikuwa hodari kuliko katika kuruka matuta.

Siku za kazi nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri la familia moja ya Kihindi mjini. Mzee mwenye duka alikuwa akinipa mafuta ya injini akisema yameisha muda, na sote wawili tulijua kwamba hayajaisha. Mshahara uliobaki baada ya kodi ya nyumba uliingia kwenye ada za mashindano, petroli, na vipuri. Helmeti yangu ilikuwa na ufa nyuma, karibu na kisogo, nikaufunika kwa ile stika ya kinywaji. Mkaguzi wa mashindano aliigeuza mikononi mwake, akasoma stika, akanirudishia. Nilifurahi! Nikiikumbuka furaha hiyo leo natamani kujizaba kofi.

Sasa nieleze nilivyovunjika, maana watu wengi wananihurumia kwa sababu zisizo zenyewe.

Uwanja ulikuwa kwenye shamba moja upande wa Nanyuki, mlima ukiwa wazi asubuhi ile. Shokomzoba yangu ya nyuma ilikuwa ikivuja mafuta, nikaitia raba ya pikipiki ya boda kwa sababu raba yake halisi ni ghali. Kwenye tuta kubwa nilipanda vizuri na nikatua vibaya. Pikipiki ilipiga chini, ikarudi juu, ikanitupa, ikaja kunilalia mguu wa kushoto. Nilisikia kitu kikilia ndani ya buti.

Wahudumu walinifikia upesi. "Twende ambulensi," wakasema. Nikasema hapana, niko sawa.

Asiyetujua ataona huo ni ushujaa. Haukuwa ushujaa. Siku ile uwanja ulikuwa na ambulensi moja, na ambulensi ikiondoka mbio zinasimama mpaka irudi. Kila mmoja wetu aliyelipa kutoka mfukoni mwake alikuwa amekopa ili afike pale. Ukichukuliwa saa nne asubuhi, umewaharibia siku wenzako wote, nao hawatakuambia kitu, ila safari ijayo pikapu haitakuwa na nafasi yako. Kwa hiyo tulikuwa na adabu yetu: maadamu unaweza kuongea, unangoja raundi ya mwisho. Nimewahi kukaa kando ya mwenzangu aliyevunjika mtulinga, akila karanga kwa mkono wa pili, akishangilia. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Nilikaa chini nikiegemea tairi, nikapiga makofi watu wakipita, na mguu ukawa unajaa ndani ya buti.

Kule hospitalini muuguzi alikuja na mkasi mkubwa akate buti. Nikamshika mkono. "Tafadhali usikate," nikamwambia. "Ivute tu."

"Itauma vibaya sana."

"Ivute."

Buti mpya za motokrosi zinazidi mshahara wangu. Akaivuta, mwingine akinishika mabega. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Daktari alipotazama picha alisema mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na kwamba katika kule kukaa na kule kuvuta, vipande vilikuwa vimepishana. Plasta peke yake haingetosha tena. Kulihitajika chuma na skrubu, na kabla mfupa haujaanza kujiunga kombo, la sivyo ningechechemea maisha yangu yote. Bima ya serikali nilikuwa nimeacha kuilipa nikinunua tairi. Ile iliyokuja na leseni ya mashindano ilitosha kitanda na picha tu. Walinifunga plasta ya muda, wakaniambia nikatafute pesa ya upasuaji haraka.

Buti ilirudi nyumbani nzima. Nilikuwa nimeipakata.

Nyumbani ni kwa mama, juu kidogo ya Gakindu. Ana kahawa, migomba, na ng'ombe wawili wa maziwa. Kanisani ni kiongozi wa akina mama, mtu ambaye akisimama kutoa tangazo hata watoto wananyamaza. Mbio zangu aliziita "ule mchezo", na aliziita hivyo tukiwa wawili tu. Mbele ya watu hakuzitaja kabisa. Aliniona nikishuka garini, plasta ikinifika pajani, akaniangalia tangu juu hadi chini, akaenda kunichemshia uji.

Baada ya siku chache akaja kukaa kando ya kitanda changu. "Kanisa itakufanyia mchango Jumapili," akasema.

Nikashukuru.

"Nimewaambia uligongwa ukiendesha boda."

"Mama!"

"Ungetaka niseme nini? Ati kijana yangu amevunjika akiruka-ruka kwa mchanga? Nani atachangia mtu mzima alivunjika akicheza?"

"Si mchezo. Ni kazi."

"Basi watu wa hiyo kazi wakuje wakuchangie." Kisha akasema polepole, "Mguu yako ni moja tu hiyo ya kushoto. Usiniharibie."

Nilikasirika kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha nikafanya hesabu ya mguu, nikanyamaza. Ukitaka kujua bei yangu, ndiyo hiyo.

Jumapili, baada ya ibada, watu hawakuondoka. Mbele waliweka meza na karai kubwa la bati, lile la kuoshea vyombo vya sherehe. Kwetu hata asiye na pesa haji mchangoni mikono mitupu. Kulikuwa na jogoo, mikungu ya ndizi, parachichi, gunia la nduma, vyote vikanadiwa. Jogoo aliuzwa, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena, watu wakicheka. Mimi niliwekwa mbele kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya stuli, plasta ikiwaangalia. Kila aliyetia kitu kwenye karai alipita kunipa mkono. Wazee walioamka alfajiri kukamua maziwa walinipa mkono. Nilikuwa nikiona aibu mpaka masikio yanawaka, na wao wakadhani ni maumivu.

Kisha tukasikia pikipiki nje, nyingi. Watu wa steji ya boda walikuwa wamekuja, wote na rifleta zao, helmeti mkononi. Walisema wamesikia kuna mtu wa boda amegongwa. Wengi wao nilikuwa nawajua kwa sura tu, maana mimi nilikaa mjini. Walipita kwa mstari, wakatia, wakaniambia, "Pole, brathe." Niliitikia kila mmoja nikiangalia vifungo vya shati lake.

Wa mwisho alikuja akichelewa kwa sababu alikuwa akichechemea. Alikuwa mtu wa makamo, mgeni kwangu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti, unyayo ukitazama kando. Kabla ya kutia noti yake alisimama mbele yangu akaitazama plasta yangu kwa jicho la mtu anayeijua kazi hiyo.

"Mimi nimetoka Kerugoya juzijuzi, bado hatujajuana," akasema. "Yangu ilivunjika hapo hapo. Sikupata wa kunichangia, ikajishikanisha yenyewe." Aliupigapiga mguu wake kama anavyopigwa ng'ombe mtulivu. "Na abiria, alipona?"

Sikuelewa.

"Ule ulikuwa umebeba. Alipona?"

Kumbe ndilo swali wanaloulizana wao kwanza. Watu wote waliopita mbele yangu hawakuliuliza, na mimi katika uongo ule sikuwa nimemtunga abiria. Mama alikuwa karibu, ameshika kikapu. Nilimwona ananitazama.

"Sikuwa na abiria," nikasema.

"Asante Mungu," akasema yule mtu, na akamaanisha. Akanyoosha mkono kuelekea karai.

Hapo nikashindwa. Ningeweza kumdanganya mchungaji na wazee wote wa kanisa, lakini si mguu ule. "Ngoja," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi si wa boda. Nilianguka kwa mashindano ya pikipiki."

Alisimama na noti yake hewani. "Ya kulipwa?"

"Ndiyo. Daraja la kulipwa."

"Wanakulipa pesa ngapi?"

Hakuwa akinidhihaki. Alitaka kujua, kama mtu anayeulizia bei ya mbegu.

"Mimi ndiye hulipa," nikasema.

Alifikiri kidogo. Kisha akaikunja ile noti taratibu, akairudisha mfukoni. "Basi pole sana," akasema. "Mimi nilikuwa naletea mtu wa boda." Akanipa mkono, mkono mzuri wenye nguvu, akaenda kusimama na wenzake.

Mama aliinama sikioni mwangu. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Nyamaza basi, mpaka wamalize kuhesabu."

Lakini walikuwa wamemaliza, na mchungaji akasema ndugu yetu atatoa neno la shukrani. Nilisimama kwa magongo. Nilijua kwamba pesa iko kwenye karai, bado haijafungwa, na kwamba neno moja lingeweza kuirudisha mifukoni yote. Niliwaza mguu wa yule mtu. Niliutamani mguu wangu mzima kwa uroho ambao sijawahi kuwa nao hata kwa chakula.

"Nawashukuru," nikaanza. "Lakini sikugongwa nikiwa kwa boda. Mimi si mtu wa boda. Nili..."

"Kaa chini, wewe," sauti ikasema kutoka safu ya akina mama. Alikuwa bibi mmoja mzee, sote tunamwita cucu, ambaye shamba lake linapakana na letu. "Kwani nani hapa hajui? Hiyo pikipiki yako tumesikia ikilia hapa kwa bonde tangu ukiwa shule. Mjukuu wangu anatuonyesha kwa simu vile unaruka. Kaa chini, mguu itakuuma."

Kanisa zima likacheka. Hawakunicheka vibaya. Walicheka kama watu walioshikilia kicheko tangu asubuhi na sasa wameruhusiwa. Watu wa steji walicheka pia, na mmoja akaruka hewani kidogo akiigiza. Mchungaji mwenyewe alicheka, akasema tuombe. Karai lilifungwa kwa leso likakabidhiwa mweka hazina, na upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata. Yule wa Kerugoya peke yake ndiye hakuwa akijua. Yeye hakucheka, na noti yake ilibaki mfukoni.

Mimi pia sikucheka. Walikuwa wamenunua jogoo mara mbili kwa ajili ya mtu mzima aliyeruka-ruka kwenye mchanga, wakijua, na wakaniacha nikae mbele yao na uso wa mhanga wa barabara.

Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amerudi kuketi kwenye benchi la akina mama, kikapu tupu magotini, macho sakafuni. Wenzake walikuwa wakimgusa bega na kucheka, naye akijaribu kucheka nao na midomo ikikataa.

Jirani alitubeba nyumbani kwa gari lake. Tulipofika alinishika kiuno nishuke, akaninyooshea magongo, kisha akasimama hapo mlangoni bila kufungua.

"Kila Jumapili huwa nasimama," akasema, "nasema tuwaombee vijana wetu wanafanya kazi kwa barabara. Miaka yote hiyo." Alikuwa akiutafuta ufunguo kwenye mfuko wa sweta, na mkono wake haukuwa ukiupata. "Na wao wanainamisha vichwa, wanasema amina, na wanajua ni nani naombea."